Mlima Kitonga Machoni pa Rada

Abiria wa mabasi ya Dar es Salaam na Mbeya wanaijua Ruaha Mbuyuni kwa vitunguu vinavyouzwa kando ya lami na kwa mibuyu ya vilimani, pale Morogoro inapopakana na Iringa. Mbele kidogo gari huanza kupanda Kitonga, kona baada ya kona. Mashamba ya umwagiliaji yako bondeni, milima imeyabana, na masika mawingu hulifunika bonde siku nzima. Kwa kamera ya satelaiti, hayo ni mazingira magumu.

Rada haisubiri jua wala mawingu yaondoke. Hutuma mawimbi yake yenyewe na kupokea mwangwi wake, usiku na mchana. Tatizo la zamani lilikuwa antena: ili kutenganisha shamba na shamba kutoka angani, ingehitajika antena yenye urefu wa kilomita kadhaa. Mwaka 1951 Carl Wiley, mhandisi wa kampuni ya Goodyear nchini Marekani, aliona kwamba chombo kinachosafiri kinaweza kukusanya miangwi njiani, kisha hesabu ikaiunganisha kana kwamba imepokewa na antena moja ndefu. Jeshi ndilo lililofaidi kwanza. Satelaiti ya kiraia ya Seasat ilirushwa 1978 kuchunguza bahari, ikafa kwa hitilafu ya umeme baada ya siku 100 hivi. Ulaya ikafuata na ERS-1 mwaka 1991.

Kwenye maji, sawa. Kitonga je?

Rada hutazama kwa ubavu na hupima umbali. Mteremko unaoielekea hurudisha mwangwi wa chini na wa juu karibu kwa wakati mmoja, kwa hiyo mlima mrefu hujikunja na kuwa utepe mweupe, kilele kikiinamia upande wa satelaiti. Kuunyoosha kunahitaji kujua mwinuko wa kila mahali.

Vipimo hivyo vilipatikana Februari 2000. Chombo cha anga za juu cha Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na antena mbili za rada, moja ndani na nyingine kwenye mlingoti wa mita 60, kikapima asilimia 80 ya nchi kavu. Kwa miaka mingi, nje ya Marekani umma ulipewa vipimo vya kila mita 90 tu. Vile vya mita 30 vilianza kutolewa 2014, Afrika ikiwa ya kwanza.

Hesabu iliyo jamaa ya hiyo ya antena mbili, inayolinganisha picha za mahali pamoja za nyakati mbili, ilikuwa imekwisha kufanya kazi Tanzania. Julai 2007 matetemeko yalipotikisa eneo la mlima Gelai, kaskazini, picha za rada za satelaiti za Envisat na ALOS zilionyesha kuwa magma ilikuwa imepasua miamba chini ya ardhi.

Aprili 2014 ikarushwa satelaiti ya rada ya Ulaya, Sentinel-1A, na picha zake ni za bure. Programu ya SNAP ya kuchakata picha hizo ni ya bure, na ile ya ramani ya QGIS, iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, pia. Anayefungua picha ghafi iliyopigwa satelaiti ikielekea kusini hushtuka: Iringa iko kulia, Morogoro kushoto, kama kwenye kioo. Kwanza husawazisha nguvu ya mwangwi, hupunguza madoadoa, kisha huinyoosha kwa vipimo vya Endeavour. Ndipo Kitonga hurudi mahali pake na maji yaliyotulia huonekana meusi.

Ekari moja ya vitunguu ina pikseli 40 hivi, na madoadoa huzichafua. Picha moja haitoshi kuamua kipi ni kitunguu na kipi ni majani. Zinahitajika za msimu mzima, na mtu aliyeingia shambani kuhakikisha. Vyuo vya Iringa na Mbeya viko karibu na bonde hili kuliko maabara yoyote ya Ulaya. Wanafunzi wao wa ramani wapelekwe Ruaha Mbuyuni, picha mkononi, wapite jaruba kwa jaruba pamoja na wakulima.