Takrima

Takrima ni neno la Kiswahili lenye maana ya ukarimu anaotendewa mgeni, kama vile chakula, kinywaji, malazi au zawadi ndogo. Katika siasa za Tanzania neno hilo lilipata maana ya pili: chakula, vitu au fedha ambazo mgombea huwapa wapiga kura wakati wa uchaguzi.

Takrima ya namna hiyo iliruhusiwa na sheria ya uchaguzi kuanzia mwaka 2000. Mahakama Kuu ya Tanzania iliifuta ruhusa hiyo tarehe 24 Aprili 2006 baada ya kuona kwamba inakwenda kinyume cha Katiba. Hata hivyo neno limebaki katika matumizi ya kila siku, na hutajwa sana katika mjadala kuhusu kushuka kwa ubora wa viongozi na mtazamo wa wapiga kura. Swali kuu la mjadala huo ni hili: je, viongozi wasiofaa hupatikana kwa sababu wananchi huuza kura, au wananchi huuza kura kwa sababu hawatarajii kupata kitu kingine kutoka kwa viongozi?

Asili ya neno

Neno takrima lina asili ya Kiarabu na ni la ukoo mmoja na maneno karimu, ukarimu na karama. Katika mila za watu wa pwani na za makabila mengi ya bara, mwenyeji ndiye anayemkirimu mgeni. Methali husema "mgeni njoo, mwenyeji apone", kwa kuwa siku ya mgeni hata watu wa nyumbani hula vizuri.

Takrima ya uchaguzi inatofautiana na ukarimu wa mila katika mambo matatu:

- Mwelekeo: mgombea anayefika kijijini ndiye mgeni, lakini yeye ndiye anayewalisha wenyeji.
- Wakati: ukarimu wa mila hauna msimu, ilhali takrima ya uchaguzi huja kila baada ya miaka mitano na kukoma siku ya kupiga kura.
- Lengo: mwenyeji wa kawaida hadai malipo, lakini mtoaji wa takrima hutarajia kura.

Kwa sababu hiyo wapinzani wa takrima walidai kwamba sheria ilitumia jina zuri la mila kufunika jambo ambalo mila yenyewe hailijui.

Historia

Uchaguzi wa chama kimoja

Mwaka 1965 Tanzania Bara ilifanya uchaguzi wa kwanza wa wabunge chini ya mfumo wa chama kimoja. Katika majimbo mengi wanachama wawili wa TANU walishindana, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Chama ndicho kilichoandaa mikutano, na wagombea wote wawili walisimama mbele ya wananchi walewale. Hawakuruhusiwa kuendesha kampeni kwa fedha zao wala kuomba kura kwa misingi ya kabila, dini au rangi.

Wapiga kura wa mwaka huo hawakuogopa vyeo. Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa. Katika jimbo la Rufiji alishindwa Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake wa TANU na mmoja wa watu mashuhuri kabisa katika harakati za uhuru. Matokeo hayo hutajwa kama mfano wa wakati ambapo mwananchi wa kijijini aliweza kumwondoa mkubwa bila kulipwa na mtu. Hata hivyo uchaguzi huo ulikuwa na mipaka yake: wagombea walichujwa na chama, na hapakuwa na chama kingine cha kuchagua.

Miiko ya uongozi

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko ya uongozi. Kiongozi hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba za kupangisha. Si wote waliokubaliana na masharti hayo. Bibi Titi alijiuzulu katika uongozi wa chama mwaka huohuo kwa kutoridhika na sharti la nyumba.

Masharti hayo yalilegezwa na Chama cha Mapinduzi (CCM) huko Zanzibar mwaka 1991. Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi ulirudishwa, na uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya mfumo huo ulifanyika mwaka 1995. Mwaka huo pia ilitungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayowataka viongozi kutangaza mali zao. Tofauti ni kwamba miiko ya zamani ilimkataza kiongozi kuwa na mali za aina fulani, wakati sheria mpya ilimtaka azitaje tu.

Kwa hiyo mambo mawili yalikuja karibu kwa pamoja: ushindani wa vyama, unaohitaji fedha, na ruhusa ya kiongozi kuwa mfanyabiashara. Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilichunguza rushwa nchini mwaka 1996, na uchaguzi ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotajwa katika ripoti yake.

Takrima katika sheria

Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985 ilikataza hongo, na pia ilikataza kumlisha au kumnywesha mpiga kura kwa nia ya kupata kura yake. Makatazo ya aina hiyo yalirithiwa kutoka sheria za Uingereza, ambako Bunge lilitunga sheria kali dhidi ya karamu za uchaguzi mwaka 1883.

Mwaka 2000, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, Bunge la Tanzania liliongeza vifungu vidogo katika kifungu cha 119. Vilieleza kwamba jambo lililofanywa kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa mila halitahesabiwa kuwa kosa, na vilevile matumizi ya kawaida ya kampeni. Sheria haikutaja kiwango. Haikusema kama sahani ya pilau ni ukarimu na gunia la mchele ni hongo, wala kama khanga moja ni zawadi na khanga mia ni rushwa.

Wakati huohuo haikuwa rahisi kwa mwananchi kupinga matokeo. Mlalamikaji alitakiwa kwanza kuweka mahakamani dhamana ya shilingi milioni 5. Sharti hilo lilifutwa na Mahakama ya Rufani mwezi Februari 2002 katika kesi ya Julius Ndyanabo, aliyekuwa mgombea katika jimbo la Nkenge mkoani Kagera.

Kesi ya takrima

Mwaka 2005 mashirika matatu yalifungua kesi katika Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mashirika hayo ni Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LEAT (chama cha wanasheria wa mazingira) na NOLA (shirika la msaada wa sheria).

Walalamikaji walidai kwamba vifungu vya takrima vinawabagua wagombea maskini na kuwanyima wananchi haki ya kuchagua kwa uhuru. Upande wa Serikali ulijibu kwamba ukarimu ni sehemu ya mila za Waafrika na kwamba sheria ilitaka nia njema.

Hukumu ilitolewa tarehe 24 Aprili 2006. Mahakama ilikubaliana na walalamikaji kwamba vifungu hivyo vinavunja ibara ya 13 ya Katiba, inayohusu usawa mbele ya sheria, na ibara ya 21, inayohusu haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi. Iliona pia kwamba hakuna mpaka unaoeleweka kati ya takrima na rushwa. Vifungu hivyo vikafutwa.

Baada ya hukumu

Mwaka 2007 ilitungwa sheria iliyounda Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU). Mwezi Machi 2010 Rais Jakaya Kikwete alitia saini Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria hiyo inaweka ukomo wa matumizi ya wagombea na vyama, inavitaka vyama vitoe taarifa za fedha kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, na inahusu pia hatua ya uteuzi ndani ya vyama. Mwaka 2024 sheria ya uchaguzi ya mwaka 1985 ilibadilishwa na sheria mpya ya uchaguzi wa Rais, wabunge na madiwani.

Pamoja na sheria hizo, zawadi za uchaguzi hazikuisha. Zilibadilisha majina: "pesa ya soda", "nauli", "posho ya kikao", au mchango kwa kikundi cha akina mama, timu ya mpira, msikiti na kanisa. Kwa kuwa mtoaji na mpokeaji wote wawili hufaidika, ni vigumu kumpata shahidi.

Kura za maoni

Katika Tanzania Bara, takrima huwa na nguvu zaidi katika kura za maoni, yaani uchaguzi wa ndani ya chama. Katiba inamtaka mgombea awe mwanachama wa chama na adhaminiwe nacho, kwa hiyo mgombea binafsi haruhusiwi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2013, katika kesi iliyohusisha Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba katazo hilo linavunja haki za raia, lakini halikuondolewa.

Matokeo yake ni kwamba pale chama kimoja kinapokuwa na nguvu kubwa, aliyepita katika kura za maoni huwa karibu ameshakuwa mbunge. Wajumbe mia chache ni rahisi kuwafikia kuliko wapiga kura elfu hamsini. Mwaka 2010 CCM iliwaruhusu wanachama wote kupiga kura za maoni. Mwaka 2020 kazi hiyo ilifanywa na wajumbe, na wagombea wengi walioahidiwa kura hawakuzipata. Hapo ndipo msemo "wajumbe si watu" ulipoenea nchini. Msemo huo ulichekesha, lakini unaonyesha pia jambo la maana: kwa kuwa kura ni ya siri, mpokeaji wa fedha hafungwi na fedha hiyo.

Mfano wa Rufiji na Kibiti

Wilaya za Rufiji na Kibiti katika mkoa wa Pwani zilikuwa wilaya moja hadi katikati ya miaka ya 2010. Wakazi wengi huishi kwa mpunga, korosho na uvuvi. Mto Rufiji huwagawa watu wa wilaya moja: wakazi wa kata ya Mkongo, iliyoko kaskazini mwa mto, huhitaji kivuko ili kufika Utete, makao makuu ya wilaya yao. Visiwa vya delta hufikiwa kwa mashua na boti. Mgombea asiye na fedha za mafuta huona shida kuwafikia wapiga kura hata kabla ya kufikiria kuwapa chochote.

Mazingira kama hayo husaidia kueleza tofauti kati ya ahadi na takrima. Barabara, kivuko na daraja ni huduma za umma. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, lilimaliza adha ya kuvuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu kwa kila msafiri wa kusini, awe alimpigia kura nani. Mgombea anayeahidi kudai huduma za namna hiyo bungeni anafanya kazi ya siasa. Sahani ya wali huliwa na aliyekuwepo mkutanoni siku ile, na kesho yake haipo.

Sababu

Watu wanaozungumzia suala hili hutaja sababu kadhaa:

- Umaskini: kwa kaya isiyo na akiba, shilingi elfu chache za leo zina uhakika kuliko ahadi ya miaka mitano. Methali husema "mkono mtupu haulambwi".
- Kutoelewa kazi ya mbunge: Katiba inampa mbunge kazi ya kutunga sheria na kuisimamia Serikali. Wananchi wengi humpima kwa michango ya misiba, ada za shule na matibabu. Mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, umeongeza taswira ya mbunge kama mfadhili.
- Gharama za ugombea: aliyetumia fedha nyingi kupata kiti hutafuta namna ya kuzirudisha.
- Ushindani kupungua: katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vyao vikajitoa, na CCM ikapata zaidi ya asilimia 99 ya viti vya vijiji na mitaa. Pale kura isipoweza kubadilisha matokeo, mpiga kura hupata sababu ya kuiona kama kitu cha kuuzwa.

Sababu hii ya mwisho inaonya dhidi ya kumlaumu mwananchi peke yake. Mahudhurio ya wapiga kura katika uchaguzi wa Rais yamepanda na kushuka kama ifuatavyo (takriban):

- 2000: asilimia 84
- 2005: asilimia 72
- 2010: asilimia 43
- 2015: asilimia 67
- 2020: asilimia 51

Mwaka 2015, ushindani ulipokuwa mkali, watu walirudi vituoni. Kwa hiyo mtazamo wa wapiga kura si tabia isiyobadilika.

Katika nchi nyingine

Ugawaji wa fedha na vitu wakati wa uchaguzi unajulikana pia Kenya na Uganda, ambako sheria zinaukataza. Huko Ufilipino ununuzi wa kura huenda pamoja na nguvu za koo za kisiasa zinazorithishana viti. Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 1987 inakataza urithishaji huo kwa namna itakayoelezwa na sheria, lakini Bunge, ambalo wengi wake hutoka katika koo hizo, halijapitisha sheria hiyo. Mfano huo unafanana na takrima ya Tanzania katika jambo moja: wanaotakiwa kuziba mlango ndio walioingia kwa mlango huo. Nchini Tanzania vifungu vya mwaka 2000 viliwekwa na wabunge, na vikaondolewa na mahakama baada ya raia kushtaki.

Tazama pia

- Azimio la Arusha
- Bibi Titi Mohamed
- Katiba ya Tanzania
- Rushwa
- TAKUKURU
- Wilaya ya Rufiji