Kidhibiti mizunguko

Kidhibiti mizunguko ni sehemu ya programu ya kompyuta ya injini inayozuia krankishafti isizunguke kupita kasi iliyowekwa. Hufanya hivyo kwa kukata mafuta kwenye nozeli au cheche za plagi.

Toyota Supra ya miaka ya 1990, yenye injini ya 2JZ-GTE ya silinda sita na tabo mbili, inaonyesha vizuri kwa nini kikomo hicho kipo. Mstari wake mwekundu uko kwenye mizunguko 6,800 kwa dakika. Pistoni husafiri milimita 86 kila inapopanda au kushuka, hivyo mwendo wake wa wastani hapo ni karibu mita 19.5 kwa sekunde. Fundi akisogeza kikomo hadi 8,000, mwendo hukaribia mita 23. Hilo si kubwa sana; kubwa ni kwamba nguvu inayovuta konrodi hukua kwa mraba wa kasi, na hapa huongezeka kwa takriban asilimia 38.

Namna ya kukata nayo ina uzito. Mafuta yakikatwa nusunusu huku tabo ikisukuma hewa kwa shinikizo kubwa, mchanganyiko huwa na mafuta haba na pistoni inaweza kuyeyuka. Kukata cheche huepusha hilo, ila mafuta yasiyoungua hulipukia kwenye ekzosi: milio inayowafurahisha vijana, na joto linaloharibu tabo na katalaiza.

Dereva akikosea na kuingiza gia ya pili badala ya nne, kidhibiti hakisaidii, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini.