Nyota, Nanga na Msalaba: Kuzisoma Beji za Askari

Mzaliwa wa kisiwa cha Ngumi mwaka 1920 alizaliwa chini ya Waingereza. Mwaka 1925 nchi ya Juba ikapewa Italia. Februari 1941 Waingereza wakaitwaa Kismayu. Mwaka 1950 Waitalia wakarudi kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, hadi uhuru wa 1960. Dau lake halikuhama, ila watawala walihama, kila mmoja na askari wake na beji zake.

Kwanza tusichanganye maneno. Nishani hupewa mtu kwa tendo au utumishi wake, ilhali beji hutambulisha kikosi. Sokoni zote huitwa nishani, na bei hupanda kwa kosa hilo.

Chukua nyota ya ncha tano. Wengi huiona wakaikumbuka bendera ya Somalia. Lakini bendera hiyo ilianza Oktoba 1954, nayo nyota ndogo ya metali ilishonwa kwenye kola za wanajeshi wa Italia miaka mingi kabla. Pembe ya mwindaji, kwa upande wake, ni ya Keya, yaani askari Waafrika wa mfalme wa Uingereza.

Kaskazini zaidi, Jibuti, mtawala alikuwa Mfaransa, na beji zake ndizo ngumu kusoma. Ni za metali yenye enameli, huvaliwa kifuani upande wa kulia. Igeuze kwanza: nyuma mara nyingi pana jina la mtengenezaji, kama Drago wa Paris, pamoja na anwani. Kwa kuwa anwani ilibadilika, hudokeza umri. Hata hivyo, kalibu za zamani zilitumika tena, basi usiamini upande wa nyuma peke yake. Mbele, nanga huashiria vikosi vya makoloni. Msalaba wenye vijiti viwili vya kukingama ni wa wafuasi wa de Gaulle. Jibuti ilitii serikali ya Vichy hadi Desemba 1942. Ukiuziwa beji yenye msalaba huo kuwa ya ngome ya Jibuti ya 1941, rudisha fedha mfukoni.

Aprili 1945 kikosi cha Wasomali kutoka Jibuti kilipigana Pointe de Grave, magharibi mwa Ufaransa, kuwaondoa Wajerumani. Beji ya askari wa aina hiyo ikifika mkononi mwako, usiisugue ing'ae. Muulize anayeiuza ilikuwa ya nani, uandike jina hilo kabla hamjaafikiana bei.