Papai lenye corona: tukumbushane ya Mei 2020

Wadau, Jumapili ya Mei 3, 2020 nilikuwa Mbamba Bay, kwenye kibanda cha chipsi kando ya Ziwa Nyasa, redio imefunguliwa mpaka mwisho. Rais John Magufuli alikuwa Chato anamwapisha Mwigulu Nchemba kuwa Waziri wa Katiba na Sheria. Katikati ya hotuba akatoa bomu: sampuli za papai, mbuzi, kware na hata mafuta ya gari zilipelekwa kimyakimya Maabara Kuu ya Taifa, zikiwa na majina na umri wa watu. Papai likakutwa na corona. Mbuzi naye anayo. Mafuta ya gari, salama!

Kibanda kizima tukaangua kicheko. Mama mmoja muuza usipa tu hakucheka. "Mwanangu, sasa wale walioambiwa wanayo, wanayo kweli?"

Sikuwa na jibu, mwandishi mzima.

Baadaye nilisoma jinsi kipimo cha PCR kinavyofanya kazi. Mashine inanakili kinasaba cha kirusi, kila mzunguko kinakuwa mara mbili. Mizunguko 30 inatosha kugeuza nakala moja kuwa zaidi ya bilioni 1. Ndiyo sifa yake, na ndiyo balaa lake: tone lililorukia kichupa cha jirani, au glovu isiyobadilishwa, papai linaugua. Na uchafu si lazima uingilie maabara. Aliyechokonoa papai angeweza kuwa nao mkononi.

Kwa hiyo maabara huweka katika kila mzigo kichupa kisicho na kirusi. Kikisoma "anao", majibu ya mzigo mzima hayatolewi, kazi inarudiwa.

Mimi sina ugomvi na sampuli za mtego, maabara duniani kote hupimwa hivyo. Ugomvi wangu ni kutangaza kabla ya kurudia kipimo. Mkurugenzi alisimamishwa, Waziri Ummy Mwalimu akaunda kamati, na John Nkengasong wa Africa CDC akatetea vipimo. Takwimu zikagota kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikanyamaza zaidi ya mwaka, hadi 2021 chini ya Rais Samia.

Sampuli ya mtu wa huku ilisafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar. Kama ilikaa kwenye mzigo mmoja na lile papai, mwenyewe aliambiwa nini? Nilirudi Mbamba Bay mwaka uliofuata. Yule mama aliniuliza swali lilelile.