Taveta: Mji wa mpakani na makaburi yasiyo na majina

TAVETA ni mji mdogo katika Kaunti ya Taita-Taveta, nchini Kenya, mkabala na Holili iliyo upande wa Tanzania. Mkataba wa 1886 baina ya Uingereza na Ujerumani ndio ulioufanya mji wa mpakani. Mstari ulipitishwa kati ya nchi ya Wataveta na ya Wachaga, ukaambaa na miguu ya kaskazini ya Kilimanjaro na kuuacha mlima kwa Wajerumani. (Wanaosimulia kuwa Malkia Victoria alimzawadia mlima huo mjukuu wake, Kaisari Wilhelm, wakumbuke kuwa Wilhelm alitawazwa mwaka 1888.)

Kabla ya hapo, msitu wa Taveta ulikuwa kituo cha misafara iliyotoka pwani, ambayo ilipumzika humo na kununua chakula. Mwaka 1895 wamisionari Waanglikana walianza kuchapisha hapo Taveta Chronicle, miongoni mwa magazeti ya kwanza katika nchi iitwayo Kenya leo. Jambo ambalo sisi wa kazi hii twapaswa kulijua.

Lakini urithi unaowavuta wageni zaidi ni ule wa vita. Agosti 1914 Wajerumani waliuteka mji, kisha wakajichimbia mahandaki katika kilima cha Salaita. Waingereza walijenga reli kutoka Voi ili kuwafikia. Tarehe 12 Februari 1916, wanajeshi kutoka Afrika Kusini walikishambulia kilima hicho wakatimuliwa. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts aliwazunguka Wajerumani kwa upande wa kaskazini, nao wakauhama mji.

Wanajeshi waliokufa katika mapigano hayo wana makaburi ya kijeshi yanayotunzwa vizuri mjini Taveta, yenye majina yaliyochongwa. Wapagazi Waafrika, waliobeba vyakula na risasi, na ambao wengi wao waliangamizwa na maradhi, hawakupewa heshima hiyo. Mwaka 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Iliomba radhi.

Jijini Nairobi, askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles waliachiwa angalau makazi, Kibera. Wapagazi waliachiwa jina la mtaa: Kariokor, matamshi ya wenyeji ya jina la Kiingereza la kikosi chao.