Kasindi: Sahihi 100.000, njia ya raia kugeuza sheria

Tangu uhuru, raia wa Kongo wameulizwa mara tatu kama wanakubali katiba yao: mwaka 1964, mwaka 1967 wakati wa Mobutu, na tarehe 18 na 19 Desemba 2005. Mara hiyo ya mwisho, asilimia 84 walisema ndiyo. Katiba ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006.

Ndani yake, kifungu cha 5 kinasema mamlaka ni ya raia. Kifungu cha 218 kinawapa raia 100.000 wenye kutia sahihi haki ya kupeleka bungeni pendekezo la kugeuza katiba. Lakini kifungu hicho kinaruhusu pia wabunge na maseneta kumaliza kazi wenyewe, wakifikia sauti tatu kwa tano. Ndivyo ilivyofanyika Januari 2011: uchaguzi wa rais ukawa wa duru moja, na rais akapewa uwezo wa kumwondoa gavana wa jimbo wakati wa mzozo mkubwa. Raia hawakuulizwa.

Desemba 2018, CENI iliahirisha kura katika miji ya Beni na Butembo pamoja na wilaya ya Beni, ambamo Kasindi imo, kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo. Tarehe 30 Desemba, wakaaji wa mji wa Beni walipanga foleni na kupiga kura yao wenyewe, hata kama haingehesabiwa. Kura ya wabunge ilikuja tarehe 31 Machi 2019, rais mpya akiwa amekwisha kuapishwa.

Wabunge wa jimbo walimchagua gavana Carly Nzanzu Kasivita. Mei 2021, hali ya kuzingirwa ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, nafasi yake ilichukuliwa na jenerali Constant Ndima.

Hapo ndipo penye fundo. Kifungu cha 219 kinakataza kugeuza katiba wakati wa vita au hali ya kuzingirwa. Kwa hiyo anayetaka gavana achaguliwe na raia moja kwa moja hawezi kupita njia ile ya sahihi 100.000 mpaka hali hiyo iondolewe.

Mlango mmoja haujafungwa. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani, awe nyumbani au kambini, haki ya kuandikia viongozi ombi, peke yake au pamoja na wengine. Wanapaswa kujibu katika miezi mitatu, na hakuna anayeweza kushitakiwa kwa sababu ya kuliandika.