Chai ya Kate Sharma: Msimu wa Pili wa Bridgerton Mbele ya Historia

Msimu wa pili wa tamthilia ya Bridgerton ulitoka Netflix tarehe 25 Machi 2022, na wahakiki wakaupokea nusu kwa tabasamu, nusu kwa kinyongo. Watazamaji hawakusubiri kibali chao. Ndani ya siku 28 ulikuwa umetazamwa kwa zaidi ya saa milioni 650, kiwango ambacho wakati ule hakikuwa kimefikiwa na tamthilia yoyote ya Kiingereza katika mtandao huo. Hata hivyo, msimu wa kwanza ulikuwa umeteuliwa kuwania tuzo ya Emmy ya tamthilia bora mwaka 2021, na huu wa pili haukupata nafasi hiyo. Hukumu iliyozagaa ilikuwa kwamba kazi ni nzuri ila haifikii ile ya mwanzo, na sababu zilizotolewa zilikuwa mbili: mapenzi yake yamepoa, na Uhindi wake ni wa kuokoteza huku na kule. Kila lawama kati ya hizo ina chembe ya ukweli, lakini zote mbili zimepita kando ya jambo zito zaidi. Tamthilia hii iliwaleta Wahindi katika London ya mwaka 1814, ikaisahau Kampuni ya India ya Mashariki, ambayo wakati huo ndiyo iliyoziunganisha nchi hizo mbili kwa biashara, kwa meli na kwa bunduki. Waliolisema hilo walikuwepo, hasa waandishi wenye asili ya Asia Kusini, ila sauti yao ilibaki pembezoni mwa mjadala wakati ilistahili kuwa katikati.

Tuanze na hilo la kupoa. Msimu wa kwanza, uliotoka Krismasi ya mwaka 2020, ulimpa mtazamaji ndoa ya mapema na chumba cha kulala kisichofungwa mlango. Wa pili ulitokana na riwaya ya Julia Quinn ya mwaka 2000, The Viscount Who Loved Me, na ukamweka mbele Anthony Bridgerton, kaka mkubwa wa familia, anayetafuta mke kwa orodha ya sifa mkononi. Anamchagua Edwina Sharma, huku moyo wake ukivutwa na Kate, dada yake Edwina kwa baba. Kati ya vipindi vinane, busu la kwanza la Anthony na Kate linasubiri hadi mwisho wa kipindi cha sita. Waliokuja kutafuta joto la mwaka 2020 walilalamika, na wapenzi wa kitabu nao walikuwa na lao. Katika riwaya, Kate anaumwa na nyuki, Anthony anajaribu kumnyonya sumu kifuani, wanafumaniwa na ndoa inalazimishwa pale pale. Katika tamthilia nyuki yupo, lakini hakuna anayewafumania. Anthony, ambaye baba yake alikufa kwa kuumwa na nyuki, anapatwa na kiwewe, na Kate anauchukua mkono wake na kuuweka kifuani pake ajue kwamba bado anapumua. Kisha wanaachana, na uchumba na Edwina unaendelea hadi siku ya harusi.

Ukilipima tukio hilo kwa desturi za zama zenyewe, utaona lina uzito kuliko vyumba vyote vya kulala vya msimu wa kwanza. London hiyo ilikuwa ya kipindi ambacho mwana wa mfalme alitawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa, kuanzia 1811 hadi 1820. Jane Austen alichapisha Pride and Prejudice mwaka 1813 na Mansfield Park mwaka 1814, na katika riwaya zake barua moja au matembezi ya watu wawili yanaweza kubeba sura nzima. Msichana wa tabaka la juu ambaye hajaolewa hakuachwa peke yake na mwanamume asiye ndugu yake, na kuonekana naye gizani bustanini kulitosha kumharibia jina. Mahali penye ulinzi wa namna hiyo, mkono kifuani ni tukio kubwa. Isitoshe, msimu wa kwanza wenyewe ulishutumiwa vikali kwa tukio la chumbani ambapo Daphne, dada wa Anthony, anamwendea mumewe kinyume cha ridhaa yake. Mhakiki aliyeulaumu wa kwanza kwa kosa hilo hana haki ya kuulaumu wa pili kwa kusubiri ridhaa ipatikane. Ninachowakubalia ni kwamba pembetatu ya mapenzi ilivutwa kupita kiasi, na kwamba Edwina aliachwa muda mrefu mno bila kuona kile ambacho hata watumishi wangekiona. Hilo ni kosa la usukaji wa kisa, nalo halitokani na uhaba wa joto.

Lawama ya pili ilihusu familia ya Sharma. Katika riwaya, Kate ni Mwingereza wa jina la Sheffield. Watayarishaji walimfanya Mhindi aliyetoka Bombay, wakampa nafasi hiyo Simone Ashley, na Edwina akachezwa na Charithra Chandran. Wengi walishangilia kuona wanawake wa Kihindi, tena weusi wa rangi, wakiwa ndio wanaogombewa katika aina ya hadithi ambayo kwa miaka mingi iliwapa nafasi ya yaya au haikuwapa nafasi kabisa. Wengine wakahesabu makosa: jina la ukoo ni la kaskazini mwa India, baba anaitwa kwa lugha ya kusini, mdogo mtu anaitwa kwa Kibengali, na makazi yao yalikuwa magharibi. Hesabu hiyo ni sahihi, na gharama ya kuajiri mshauri mmoja zaidi isingeifilisi Netflix. Lakini makosa haya hayaondoi nguvu ya matukio yenyewe. Kabla ya harusi Edwina anapakwa manjano na mama na dada yake, huku vinanda vikipiga wimbo wa filamu ya Kihindi Kabhi Khushi Kabhie Gham. Mtazamaji wa Mombasa au Unguja, anayejua singo inavyomwandaa bi harusi, hahitaji kutafsiriwa. Wahakiki waliosifu tukio hilo walikuwa na haki, ingawa walikomea kwenye manjano.

Wangeitazama chai, wangefika mbali zaidi. Kate anaidharau chai ya Waingereza na kuitia viungo vyake mwenyewe, na tukio hilo lilipendwa kama ishara ya mtu asiyeukana utamaduni wake. Kwa sisi tuliozoea iliki na tangawizi katika chai, hakuna kinachoonekana cha kawaida kuliko hicho. Historia ina habari nyingine. Mwaka 1814 chai ya London haikutoka India. Mashamba ya chai ya Assam yalianzishwa katika miaka ya 1830, na chai ya viungo ilienea kwa umma wa India katika karne ya 20. Majani yaliyonywewa na mabibi wa London yalitoka China, kupitia bandari ya Guangzhou. China haikuwa na hamu kubwa ya bidhaa za Uingereza, ikataka fedha halisi, na Kampuni ikapata dawa ya tatizo hilo katika afyuni. Tangu mwaka 1773 Kampuni ilihodhi biashara ya afyuni huko Bengal. Wafanyabiashara binafsi waliinunua kwenye minada ya Kalkuta na kuiingiza China kwa magendo, na fedha iliyopatikana ikalipia chai. Mwaka 1813 Bunge liliifuta haki ya Kampuni ya kufanya biashara na India peke yake, lakini likaiachia biashara ya China na chai kwa miaka mingine 20. Kwa hiyo kikombe kile, ambacho tamthilia inakitumia kuonyesha Uhindi wa Kate, kilikuwa na jasho la mkulima wa Bengal na uraibu wa mvutaji wa Guangzhou ndani yake, na faida yake ilijenga majumba ya aina ile ile tunayoyaona yakipambwa maua.

Wahindi wa kweli nao walikuwepo London wakati huo, na maisha yao yanazidi kwa mvuto mengi yaliyobuniwa. Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna mwaka 1759, alitumika katika jeshi la Kampuni, akahamia Ireland, akamwoa Jane Daly na kuchapisha mwaka 1794 kitabu cha safari zake kwa Kiingereza. Mwaka 1810 alifungua London mgahawa wa vyakula vya Kihindi karibu na Portman Square. Mwaka 1812 alifilisika, akahamia Brighton, na huko akapata sifa kwa bafu za mvuke na ukandaji hadi akawahudumia wafalme wawili. Upande wa mashariki wa jiji, mabaharia wa Kiasia walioletwa na meli za Kampuni walirundikwa mabwenini Shadwell wakingoja meli za kuwarudisha, na hali yao ilikuwa mbaya kiasi kwamba kamati ya Bunge ikaichunguza na kutoa ripoti mwaka 1815. Hata waziri mkuu wa wakati huo, Lord Liverpool, anaaminika kuwa na chembe ya damu ya Kihindi kwa upande wa mama.

Mfano unaomkaribia Kate zaidi ni wa Kitty Kirkpatrick. Baba yake, James Achilles Kirkpatrick, alikuwa mwakilishi wa Waingereza katika dola ya Hyderabad, na mama yake, Khair-un-Nissa, alikuwa binti wa ukoo mkubwa wa Kiislamu wa mji huo. Mwaka 1805 Kitty, akiwa hajafika hata miaka minne, alipandishwa meli pamoja na kaka yake kupelekwa Uingereza. Walibatizwa, wakapewa majina mapya, na mama yao hakuwaona tena hadi alipofariki mwaka 1813. Watoto wa aina yao walikuwa tayari wamewekewa kuta: mwaka 1791 Kampuni ilipiga marufuku wana wa mama wa Kihindi kuajiriwa katika utumishi wake wa kiraia na wa kijeshi. Katika tamthilia, Kate anazungumzia kurudi India mara baada ya kumwoza mdogo wake, utadhani ni safari ya kijiji cha jirani. Meli ya wakati huo ilichukua takriban miezi sita kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na waliopanda hawakuwa na hakika ya kuwakuta ndugu zao hai.

Kuna watakaojibu kwamba Bridgerton ni njozi, na kwamba kuidai historia ni kuionea. Utetezi huo ungesimama kama tamthilia yenyewe ingenyamaza kuhusu historia. Katika msimu wa kwanza, Lady Danbury, bibi wa tabaka la juu, anaeleza kwamba watu weusi waliingizwa katika tabaka la juu baada ya mfalme kumpenda na kumwoa mmoja wao. Hayo ni maelezo ya kihistoria, japo ya kubuni, na anayetoa maelezo amejifungulia mlango wa maswali. Kama rangi ya malkia ilibadilisha utaratibu wa vyeo London, je, ilibadilisha chochote Bengal? Msimu wa pili haujibu, wala hauonyeshi kwamba umelisikia swali. Kwamba aina hii ya hadithi inaweza kubeba uzito huo ilithibitishwa mwaka uliofuata: Queen Charlotte, tamthilia ya Mei 2023 iliyotokana na hii, iliyaweka mambo ya rangi, vyeo na urithi mbele kabisa, na mapenzi yake hayakupungua utamu.

Wengine watasema mtazamaji wa hadithi ya mapenzi hataki kusomewa daftari la hesabu. Lakini hadithi hii ni daftari la hesabu tangu mwanzo. Familia ya Sharma haikuvuka bahari kutafuta mapenzi. Wazazi wa Mary, mama yake Edwina, wameahidi fedha kwa sharti kwamba mjukuu wao aolewe na kabaila wa Kiingereza, na siri hiyo ndiyo inayousukuma mkasa hadi kwenye chakula cha jioni kinachoharibika. Katika nyumba ya jirani, akina Featherington wanajaribu kuwaoza binti zao wakati mali imekauka, na Jack, ndugu yao aliyerithi cheo, anawauzia wenzake hisa za migodi ya yakuti huko Georgia, ambayo ni uongo mtupu. Hapa wahakiki walipitwa na jambo la wazi. Katika msimu unaomhusu Mhindi, mtu pekee anayezungumzia kwa kirefu utajiri wa ng'ambo ni tapeli, na utajiri wenyewe haupo. Ule uliokuwepo kweli, wa chai, afyuni, sukari na pamba, haukutajwa na yeyote. Biashara ya kusafirisha watumwa ilikuwa imepigwa marufuku mwaka 1807, ila utumwa wenyewe ulikuwa bado halali katika visiwa vya Karibi vilivyolipia ngoma nyingi za London.

Simaanishi kwamba Anthony na Kate wangepaswa kukatiza dansi ili kuhutubia juu ya Kampuni. Sentensi moja ingetosha: karani wa Kampuni miongoni mwa wageni, mjomba aliyerudi kutoka Kalkuta na mali isiyoulizwa asili, au Kate mwenyewe akikumbuka ni bendera ya nani iliyopepea bandarini Bombay alipoondoka. Maneno hayo yangeipa hasira ya Kate mzizi, na uamuzi wake wa kubaki Uingereza ungekuwa na gharama inayoeleweka. Kama kazi ya mapenzi, msimu wa pili umeushinda wa kwanza, na wahakiki walioupunguzia alama kwa sababu ya subira yake walikosea. Kama kazi ya historia, walikuwa wapole mno: walikosoa majina ya watu na kuiacha Kampuni ipite bila kuulizwa.